Kisiwa cha Tatu Sijakiwekea Alama

Kabeza, dukani, mchana

Umutoni wangu,

Salamu nazifupisha, maana jioni utarudi na nywele zako mpya na tutasalimiana kwa mdomo. Umeenda Kicukiro kusuka, na msusi wako ninavyomjua, hakuachii kabla jua halijaanza kushuka. Kwa hiyo nimefunga nusu ya mlango wa duka, nimesogeza cherehani pembeni, nimechukua daftari la vipimo vya wateja, na nakuandikia juu ya meza ile ile niliyokushonea sare za shule. Ukikuta katikati ya maneno kuna namba za kiuno cha mtu, ziruke.

Naandika kwa Kiswahili. Kinyarwanda nakisema vizuri tu, lakini kalamu nilishikishwa Bukoba, na mwalimu mwenye fimbo, na mkono wangu haujui njia nyingine. Darasa la saba, nikaishia hapo. Lakini waulize watu wa barabara hii yote ni nani wanamletea fomu zao asome kabla hawajaweka sahihi. Wanamletea mama yako. Wenye digrii nao wanamletea.

Mambo ya safari yako ya kesho, ya sweta, ya dawa, ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanja wa ndege, hayo sitayaandika. Umeshayasikia mpaka umeanza kunijibu kabla sijasema. Nataka kukuandikia habari za zile karatasi za visiwa. Zimenikaa kifuani wiki nzima, na nikisubiri jioni nikuambie kwa mdomo utacheka, mimi nitacheka na wewe, na neno halitatoka.

Unakumbuka ulivyokuja nazo. Ulikuwa umezichapisha kule ofisini kwenu Kacyiru, za rangi, zina picha. Ukaziweka hapa mezani juu ya kitambaa cha mteja, ukasema: "Mama, hii ndiyo fungate yetu. Dada yake Yves ametulipia meli. Inasimama visiwa vitatu, kila kisiwa mchana mmoja, halafu inaondoka. Kila mahali unachagua matembezi ya kushuka nchi kavu. Nichagulie."

Mimi! Nikuchagulie wewe na mumeo aliye ng'ambo mshuke wapi huko Karibiani! Mwanangu, sikulala na siri hiyo hata usiku mmoja. Kesho yake asubuhi muuza mboga alijua, mwenye duka la simu alijua, na mchungaji alijua kabla sijamaliza kumsalimia. Nimewaambia meli yenyewe ina ghorofa kumi na tano na lifti. Mama Kenny wa mboga akaniuliza, "Mama Umutoni, huyo mtoto anaenda kwa mumewe au anaenda kukagua dunia?" Nikamwambia vyote viwili, na akimaliza kukagua ataniletea ripoti.

Basi nikakaa na karatasi zako kama mtu anayesomea mtihani. Kisiwa cha kwanza: ngome ya zamani, kiwanda cha pombe ya miwa, na kupandishwa kilima kwenda kuangalia mji kutoka juu. Nilicheka peke yangu. Watu wanatoa dola kupanda kilima! Waje Kigali, tuwapandishe bure mpaka magoti yaombe msamaha. Nikaweka alama kwenye ngome. Kisiwa cha pili: kuogelea na pomboo, kuning'inizwa kwenye kamba juu ya msitu kama nguo iliyofuliwa, au kukaa ufukweni chini ya mwavuli. Wewe unaogopa hata beseni likijaa. Nikaweka alama kwenye mwavuli.

Halafu nikafika kisiwa cha tatu, kile chenye jina la mtakatifu. Hapo nikakuta umeshaandika mwenyewe pembeni, kwa kalamu ya bluu, ukachora na moyo: Tante Goreti.

Nikakuuliza huyu shangazi ni nani. Ukakaa juu ya kile kistuli cha wateja, macho yanakung'aa.

"Mama, hebu fikiria. Ni Mnyarwanda! Ameolewa kisiwani huko miaka mingi. Nimempata kwenye kundi la WhatsApp la Wanyarwanda wa nje. Ananisubiri bandarini na gari."

"Anakaa mjini?"

"Hapana, ng'ambo ya pili, huko milimani. Saa moja na kitu kwa gari."

"Na Yves je?"

"Yves anapiga mbizi siku hiyo, ameshajiandikisha na kundi la melini. Sasa mimi nikae nikimsubiri juu ya maji kama bata?"

"Kwa hiyo utakuwa peke yako."

"Mama! Nitakuwa na Tante."

Mama Kenny alikuwa amesimama mlangoni na fungu lake la mboga za dodo, akasema, "Mwache mtoto akale kwao." Ukatuwekea sauti ya huyo mama kwenye simu ili tumsikie. Sauti nzuri, ya mtu mnene mwenye furaha, Kinyarwanda cha zamani kabisa, hakina vumbi. Alisema: "Mukobwa wanjye, msichana wangu, nimeshaagiza mbuzi. Nimeshaalika na watu waje wakuone. Na nakuambia mapema kabisa, kwangu hutoki hujala."

Mkacheka, wewe na Mama Kenny. Mimi mkasi ulinitoka mkononi, ukaenda kusimama kwa ncha kwenye ubao wa sakafu. Ukaniuliza, "Mama, vipi? Umebadilika rangi." Nikakuambia ni presha.

Haikuwa presha.

Maneno hayo, hayo hayo, kwa lugha hiyo hiyo, nilishaambiwa mara moja nikiwa na miaka kumi na tisa. Mama aliyeniambia naye alikuwa mnene na mwenye furaha. Nitakusimulia, na ukimaliza kusoma usiniulize chochote mbele ya watu.

Unaijua ile chupa ya chai nyekundu iliyo kwenye kabati la vioo sebuleni. Ulipokuwa mdogo ulitaka kuipeleka shuleni, nikakupiga kofi la mkono, ukalia, nikakuambia ni kumbukumbu ya bibi yako. Na unajua nilivyokusimulia kifo cha bibi yako: kwamba nilimpeleka hospitali Mwanza kwa meli, kwamba nilikaa naye, nikamshika mkono, na mimi mwenyewe nikamfumba macho. Nimesimulia hivyo kanisani. Nimesimulia hivyo kwenye harusi yako, umevaa vazi letu la mushanana nililolipinda kwa mkono wangu, na watu wakatoa vitambaa wakafuta macho.

Si kweli, mwanangu. Sikuwepo.

Tulipanda meli Bukoba, yeye na mimi. Ilikuwa meli ya ziwa, siyo ya lifti. Tumbo lilikuwa limemvimba na miguu pia, na daktari wa Bukoba alisema huko Mwanza ndiko kuna mashine. Nilimlaza kwenye benchi, kichwa juu ya furushi langu la nguo. Meli ilikuwa na kawaida ya kusimama Kemondo, pale karibu tu, kupakia ndizi. Makuli walibeba mikungu muda mrefu, na abiria walishuka kununua hiki na kile. Mama akaniambia chai ya melini inamchafua roho, angependa maziwa ya moto. Akanipa hiyo chupa nyekundu. Mwanamke wa benchi la pili akasema, "Nenda dada, nitamwangalia." Sikuona ubaya. Ndizi zilikuwa zimejaa gati zima.

Pale juu kidogo nikamkuta mama mmoja mbele ya nyumba yake, anapepeta mchele. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akanitazama pua, akanitazama urefu, akanijibu kwa Kinyarwanda. Nikafurahi! Enzi hizo, huko ugenini, ukisikia mtu anakujibu kwa lugha ya mama yako unajiona kama umeokota ndugu. Aliitwa Anastazia. Nikamwambia nataka maziwa, nina mgonjwa melini, nina haraka.

"Mtoto wa nani wewe?" akauliza.

Wewe unalijua swali hilo. Halijibiwi kwa neno moja. Nikamtaja baba, akataka babu. Nikamtaja babu, akataka kilima alichotoka. Nikakitaja kilima, akapiga makofi, akaita watu wa ndani: "Njooni muone, ni wa kwetu!" Wakatoka wote. Nikashikwa mikono na kila mmoja. Nikasema, "Mama, meli." Akasema, "Meli haiendi popote, hizo ndizi ni za leo mpaka jioni. Na kwangu hutoki hujala."

Nikakaa. Nikala viazi na maharage, huku jicho liko mlangoni. Nilisema "nimeshiba" mara ya kwanza, akaongeza. Nilisema mara ya pili, akasema mwanamke gani anaogopa sahani. Maziwa yakachemshwa polepole, maana alisema mgonjwa hapewi maziwa yaliyochemshwa kwa pupa. Akanijazia chupa, akaifunga kwa kitambaa. Nikasimama, nikaaga. Ungedhani hapo ndipo nilikimbia.

Hapana. Alisimama na yeye, akajifunga kanga, akanisindikiza.

Unajua tunavyosindikizana sisi. Mgeni hatoki nyumbani kwako kama mwizi. Unamtoa mpaka barabarani, na ukimpenda unampitisha barabara. Alinishika mkono. Alikuwa na mguu mbovu. Tukashuka kile kilima mguu mmoja mmoja, ananionyesha shamba la fulani, ananisimamisha nimwamkie mzee fulani. Meli ikapiga honi. Nikasema, "Mama, inaita." Akasema, "Hiyo ni ya makuli." Ikapiga tena. Akanifinya mkono kwa upendo, akasema, "Ya tatu ndiyo ya abiria." Na mimi, mwanangu, mimi mwenye miguu ya miaka kumi na tisa, ambaye ningeshuka pale kwa pumzi tano, sikuutoa mkono wangu. Niliona aibu. Nilifikiri: nitamtupaje mkono mama mzima aliyenilisha?

Tulipokata kona ya mwisho, gati lilikuwa tupu. Majani ya ndizi tu, na mbuzi anayala. Meli ilikuwa mbali, ndogo, imeshanipa mgongo. Na sikumbuki kuisikia hiyo honi ya tatu.

Anastazia hakulia, hakushtuka. Aliniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Basi, Mungu amependa ulale kwangu."

Meli nyingine ilikuwa keshokutwa. Nilipofika Mwanza, nesi alinitazama, akatazama chupa mkononi mwangu, akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekwenda kutafuta maziwa?" Nikasema ndiyo. Akakaa chini. Akaniambia walimtoa melini kwa machela, na kila aliyepita mlangoni alikuwa anamwuliza kama mtoto wake ameshapanda. Kila aliyepita. Wafagiaji pia. Mpaka jana yake jioni, akanyamaza.

Hilo ndilo lililo ndani ya ile chupa. Sijawahi kuifungua tangu siku ile.

Kwa nini nilisema uongo miaka yote hii? Kwa sababu mimi ni mtu wa kujisifu, unanijua. Nikipika, wali wangu ndio wali. Nikishona, hakuna aliyewahi kushona kabla yangu. Nikaona hata kwa huzuni yangu lazima niwe wa kwanza darasani: binti aliyemfumba mama yake macho. Niliisimulia hivyo mara moja kwa shangazi mmoja aliyeuliza, akanisifu, na baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma. Siku nyingine nikisimulia, hata mkono wangu unajisikia kama kweli ulimshika.

Sasa nisikilize. Angekuwa Anastazia ni mtu mbaya, ningekimbia. Tunawafundisha watoto wetu kuwakimbia watu wabaya, na wewe nimekufundisha vizuri: mtu akikufuata barabarani, akikupa soda iliyofunguliwa, unajua la kufanya. Lakini kuhusu watu wazuri sikukufundisha kitu. Kinyume chake, nilikufundisha vibaya. Ulikuwa na miaka tisa, tulikuwa kwenye harusi Kicukiro, mama mwenye nyumba akakuongezea chakula, ukasema, "Asante, sitaki." Nikakufinya paja chini ya meza mpaka macho yakakujaa maji. Ukala. Nyumbani ukatapika. Na mimi kesho yake niliwatangazia wateja: mtoto wangu ana adabu, hakatai sahani ya mtu.

Mimi, Umutoni. Mimi niliyeachwa Kemondo kwa sababu sikuweza kukataa sahani, nikamfinya mwanangu ili naye asiweze.

Ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi. Juzi, ulipokuwa kazini, nilimpigia Tante Goreti mwenyewe. Usikasirike, namba nilinakili kutoka kwenye simu yako ulipokuwa unaoga. Tulisalimiana vizuri. Akanipongeza kwa mkwe. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, tukafika mpaka kwa mababu, na kumbe bibi yake na shangazi yangu walichota maji kisima kimoja. Nikasema, "Dada, sasa hiyo meli ya watoto inaondoka saa ngapi?"

Akacheka. "Mama Umutoni, huku visiwani hakuna haraka. Wewe nikabidhi mimi."

Nikauliza tena. "Lakini saa ngapi?"

"Jioni jioni. Nitamrudisha mwenyewe. Nitamsindikiza mpaka mlangoni mwa meli."

Mwanangu! Hajui saa. Ameagiza mbuzi, amealika majirani, anajua utakaa kiti gani, na saa ya meli haijui. Karatasi yako inasema wote wawe wameingia saa kumi kasoro robo. Hiyo siyo jioni jioni. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo nilivaa miwani miwili kuyasoma, kuna mambo mawili ambayo sidhani uliyaona, maana yako chini ya picha ya pomboo.

La kwanza: aliyeshuka na kundi la meli, kundi likichelewa, meli inalisubiri. Aliyejiendea mwenyewe hasubiriwi.

La pili: saa ya melini na saa ya kisiwani zinaweza kupishana, na abiria afuate ya melini. Nikamwuliza kijana wa duka la simu, akaniambia simu ikifika nchi nyingine inajibadilisha saa yenyewe, kimya kimya, haikuulizi. Kwa hiyo utakuwa umekaa kwa Tante, sahani ya pili mapajani, unatazama simu, inakuambia una saa nzima bado. Na huko bandarini wameshaanza kuvuta kamba.

Yves atakuwa amerudi kwenye mbizi yake, amesimama kwenye ile balkoni ya kwenye picha, anakutafuta kati ya watu wanaopanda. Anamwuliza kila anayepita. Nikifika hapo kwenye mawazo huwa naacha kushona, kwa sababu sindano inanichoma.

Na pasipoti yetu siyo ile ya ng'ambo aliyo nayo Yves, unalijua hilo kuliko mimi. Yeye akiachwa kisiwani atanunua tikiti, atafika bandari inayofuata, atawasimulia rafiki zake. Wewe ukiachwa, watakukalisha kwenye kiti cha plastiki, watakuuliza maswali. Umeingiaje, unakaa kwa nani, karatasi ziko wapi. Na Tante Goreti, mwema wa watu, atakushika bega atasema Mungu amependa ulale kwake.

Hata sasa ninapoandika ndege inapita juu ya bati, inashuka uwanja wa Kanombe. Miaka yote nimeishi chini ya hizi ndege wala sizisikii. Wiki hii nazisikia zote. Kila moja inaanza kama honi.

Sikukatazi. Wewe ni mke wa mtu, una kazi Kacyiru, umesoma nilichoshindwa kusoma. Na yule mama ana upweke. Nimemsikia sauti yake ilivyobadilika nilipotaja kisima. Labda tangu afike huko hajawahi kupikia mtu wa kwao. Ningependa ale na wewe. Labda mbuzi anaweza kushuka milimani kuja bandarini ndani ya sufuria, mkala palepale mnaiona meli. Labda unaweza kujiandikisha na kundi lile linalokwenda kuona bustani, lile lililo ukurasa wa nyuma, na Goreti akaja kukusalimia njiani. Sijui. Kisiwa cha kwanza nimekiwekea alama, cha pili nimekiwekea. Cha tatu sijakiwekea. Nilishika kalamu mara nne, na kila mara nikaona mkono wangu ndio ule wa Kemondo, haufai kuchagua. Kiwekee wewe, leo jioni, ukishasoma hapa.

Ila nina jambo moja la kesho.

Unajua nimekodi Coaster. Viti ishirini na tisa vimeshajaa: kwaya, wateja, Mama Kenny na dada zake, na mchungaji wa kuomba palepale uwanjani. Kutoka hapa Kabeza mpaka uwanja wa ndege hata kuku angefika kwa miguu, lakini nilitaka watu waone Coaster imejaa, waulize ni ya nani, waambiwe ni ya mama yake Umutoni anayemsindikiza mwanawe kwenda kupanda meli. Niliifikiria siku hiyo hata kabla ya harusi yako. Gauni langu liko pale kwenye hanga, umeliona.

Leo asubuhi, ulipotoka kwenda kusuka, nilimpigia mwenye Coaster. Nimemwambia asije.

Watanisema. Wacha waseme. Mama Kenny nimeshamwambia, amenitazama kama niliyevuliwa nguo, akauliza, "Wewe? Wewe kweli unaacha kumsindikiza mtoto?" Nikamwambia ndiyo. Mjomba wako atakuja na gari lake saa mbili asubuhi. Sanduku litaingia nyuma, wewe utakaa mbele, na mimi nitasimama hapa hapa mlangoni pa duka, na gauni langu nimelivaa.

Nitakushika mkono, najijua. Nitaanza kukuuliza kama umekula. Nitakuambia ngoja kidogo, nikuletee hiki, nikuambie kile, fulani anakuja kukuaga, ndege haiwezi kuondoka saa hii. Nitasema maneno matamu sana, mwanangu, maana nakupenda kuliko Anastazia alivyonipenda, na nitakushika kwa nguvu kuliko yeye.

Utoe mkono wako. Usisubiri niuachie mimi, sitauachia. Nitazame usoni, sema, "Mama, naondoka," kisha utoe, upande gari, ufunge mlango. Nitakasirika. Huenda nikakuita jina lako lote mpaka barabarani, mbele ya Mama Kenny. Usigeuke. Nataka nikuone ukiweza, mara moja tu, kwangu mimi, kabla hujafika kwa Goreti.

Mama yako